Mzinga na Kamba

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Tabora mjini. Aliyeniposa alikuwa mrina asali wa kijiji kipya upande wa Isikizya, tena mtunga mashairi. Wazee wake walishafika nyumbani. Shangazi aliyenilea alisubiri neno langu tu.

Mrina huyo akaniletea shairi. Humo aliniita mzinga wake: nyuki huuhama kiangazi, mvua zikirudi nao hurudi, na mapenzi yake yangedumu hivyo hivyo.

Darasani ningeeleza taratibu. Mshairi akikuita kitu, hachukui kitu kizima. Hushika upande mmoja, mwingine akauacha. Akisema mpenzi wake ni jua, anataka mwanga, hana nia ya kuungua. Kwa hiyo, wanangu, tafuteni upande alioushika.

Bado nafundisha hivyo. Lakini mimi ni mtoto wa mrina asali. Baba alitundika mizinga msitu mzima, na ule uliokataliwa na nyuki aliuacha uoze mtini. Mimi nikausoma upande ulioachwa.

Jumapili mwenye shairi akaja. Alipokwisha kumwamkia shangazi, nikamuuliza, "Una mizinga mingapi?"

"Mingi tu, mwalimu."

"Mimi ni wa ngapi?"

Shangazi akakohoa. "Mjibu, baba. Nijue nampeleka mwanangu msitu gani."

Mgeni akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Basi mzinga niufute. Wewe ni kamba yangu."

Hapo nilimwelewa bila maelezo. Kamba ya magome ndiyo humpandisha mrina mtini. Huwa nayo moja, na ikikatika akiwa juu, habari yake imekwisha.

"Kamba huchakaa," nikamwambia.

"Ndiyo maana naikagua kila ninapotaka kupanda. Naivuta yote, mwanzo hadi mwisho."

"Kumbe huiamini."

"Siiamini hata kidogo. Ningekuwa naiamini, ningeshaanguka zamani."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Haya, wenye shaka mmekutana."

Waliotangulia kuniposa waliapa kwamba hawana shaka nami hata chembe, na mimi sikuona wangewezaje, maana hawakuwa wamenitazama vya kutosha. Huyu alikuwa ameahidi kunitazama kila siku. Nikamwambia shangazi aipokee posa. Mrina akashukuru, nami nikaendelea kumchunguza uso.