Kuzunguka Italia na Karavani Bila Kubuki Mahali

Siku yangu ya kwanza kwa bosi wa Jeddah sikupewa chai wala kuonyeshwa chumba. Nilishuka basi la kutoka Riyadh, nikafika mtaa wa Al-Safa saa nne asubuhi na begi langu, nikakuta karavani nyeupe barabarani imefungwa nyuma ya jipu. Karavani, kwa wale hamjaiona, ni nyumba ya magurudumu isiyo na injini. Ina vitanda, jiko na choo, na inavutwa na gari. Bosi alikuwa amesimama getini na tasbihi mkononi.

"Wewe ndiye Yusufu wa trela?"

"Ndiye mimi, baba."

"Iingize ndani. Kinyumenyume."

Lile geti lilikuwa limebakiza shubiri moja kila upande, na ukuta ulikuwa na alama za madereva waliojaribu kabla yangu. Mimi nilikuwa nimevuta trela Mombasa hadi Malaba miaka kumi na minane kabla ya wakala wa Nairobi kunipeleka Uarabuni, wakati ule ambao kila kijana na hata sisi wazee tulikuwa tunapanga foleni ya pasipoti. Siri ya kurudisha trela nyuma ni hii: shika usukani chini, si juu. Mkono wako ukienda kushoto, mkia wa trela unaenda kushoto. Ukishika juu kila kitu kinageuka, unachanganyikiwa, trela inajikunja kama kisu cha kukunja na unakuwa kichekesho. Niliiingiza mara moja. Bosi akatazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Halas, imetosha. Chumba chako kiko pale."

Kule Riyadh nilikotoka nilikuwa chini ya Mudiri, yaani meneja wa ghala, mtu wa kupiga honi hata akiwa amekaa ofisini. Alikuwa na honi ya mkononi, nawaambia ukweli. Lakini nikianza na huyo hatutafika Italia.

Huyu bosi wa Jeddah alipenda kutoka. Wikendi tulienda Taif, mara nyingine tulikata jangwa hadi karibu na Riyadh, tunaegesha karavani kwenye mchanga, wanachoma nyama. Nyumbani kulikuwa na madam, mabinti wawili, na mama yake bosi, ambaye sisi wafanyakazi wote tulimwita Haja. Haja alizaliwa kwenye hema. Alikuwa ananiuliza habari za mbuzi wa kwetu Makueni kama mtu anayeuliza habari za ndugu.

Mwaka wangu wa tatu dada yangu akapiga simu. Mama yetu alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha na la pili linafuata. "Anasema anataka kukuona, si kukusikia," dada akaniambia. Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa, kwa sababu bila sahihi ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, hutoki nchi ile hata mama yako akiita.

Bosi akasema, "Twende Italia kwanza, siku kumi na nne. Haja akilala vizuri, tukirudi natia sahihi. Akilala barabarani, natafuta dereva wa huko huko, na wewe utangoja mwaka mwingine."

Madam alitaka kubuki kambi zote mapema. Kambi ni viwanja wanakolipisha watu kuegesha karavani, vina maji na umeme. Bosi hakupenda kupangiwa siku zake. Akaniuliza mimi. Na mimi, mdomo wangu, nikajibu, "Baba, nimelala vituo vya malori vya Mlolongo, Salgaa na Malaba, sijawahi kubuki. Pa kuegesha hapakosekani." Madam akaniangalia hivi, akaondoka. Alikuwa na haki.

Milano tuliazimwa gari na karavani na rafiki ya bosi anayeishi huko. Tukaondoka baada ya alasiri, kama tunavyoondoka Jeddah, kwa maana Jeddah mchana watu wanalala na maisha yanaanza jua likipoa. Hata mimi dereva wa malori nilizoea hivyo: unatembea mchana kutwa, unatafuta mahali jioni. Tulifika Ziwa Garda, kambi ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu mlinzi alitikisa kidole kabla sijasimama. Haja alilala kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, malori yakipita. Kesho yake tukalala hadi adhuhuri kufidia usingizi, tukaondoka tena alasiri, tukafukuzwa kambi tano, tukarudi kituo kile kile cha mafuta. Yule wa kuuza kahawa alinisalimia kama jirani.

Bosi hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema, "Yusufu, kesho ni ya mwisho. Nimeshapata namba ya dereva."

Alfajiri nikamkuta Haja nje ya karavani, amemaliza kuswali, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Nikampelekea chai.

"Mama yako ana umri gani?" akaniuliza.

"Hajui mwenyewe, Haja. Kama wewe hivi."

"Mwanangu alizaliwa kwenye nyumba ya saruji," akasema. "Hajui kuhama. Baba yangu akihama na ngamia, alitoka wakati huu. Kabla jua halijafika utosini hema imesimama. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya joto."

"Kwa sababu aliyelala penye maji usiku anaondoka asubuhi. Ukifika wakati anafunga mizigo, mahali ni pako. Ukifika jioni, mahali ni pa aliyewahi." Akanywa chai. "Na wewe umewaendea watu jioni siku mbili. Mwamshe mwanangu. Sema nimesema mimi."

Nilisikia aibu, maana miaka yote ile barabarani nilitafuta mahali jioni na nikapata, nikadhani ni ujuzi. Kumbe lori halikai penye raha. Mahali pa lori hapagombaniwi.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye geti la kambi moja upande wa kusini wa ziwa. Mama wa mapokezi akasema kumejaa. Sikuondoka. Niliegesha pembeni nisizibe njia, nikaonyesha kwa mikono: nangoja. Bosi akanong'ona, "Amesema imejaa." Nikamwambia, "Baba, tazama yule Mjerumani anakunja kivuli chake." Hawa watu kabla ya kuondoka wanakunja turubai la mlangoni, wanapandisha vile vyuma vya pembeni vinavyozuia karavani isitikisike. Ukiona vyuma vinapanda, mtu anaondoka.

Saa nne yule mama akaja mwenyewe. Nafasi ilikuwa imepatikana, lakini akaonyesha miti miwili ya mizeituni na uzio nyuma, akatikisa kichwa. Aliyekuwa mbele yetu alikuwa ameikataa, karavani haiingii.

Nikashika usukani chini.

Sikuharakisha. Nilishuka mara mbili kutazama, kwa sababu dereva mwenye haya ya kushuka ndiye anayegonga. Jirani, mzee wa Kiholanzi, alivuta kiti chake akaweka kikombe cha kahawa chini. Karavani iliingia, pembe ikipita jani la mzeituni bila kulivunja. Nikaweka mbao chini ya gurudumu la kushoto, nikapima kwa pima maji hadi kiputo kikatulia katikati, nikateremsha vyuma vya pembeni. Halafu nikafungua mlango wa gari. "Haja, karibu nyumbani."

Akaingia, akalala hadi adhuhuri. Bosi alikaa juu ya jiwe akitazama ziwa. Baada ya muda akatoa simu akafuta ile namba, mbele yangu.

Siku zilizobaki tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Tulifika Rimini, tukapanda milima ya Toskana, na kila siku kabla jua halijafika utosini karavani imesimama. Siku mbili tulikataliwa kambini, tukalala kwa wakulima wa zabibu, ambao Haja aliwaambia habari za ngamia na mimi nikitafsiri kwa mikono.

Tuliporudi Jeddah bosi alitia sahihi wiki ile ile.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki kupanda lori. Vijana hunionyesha simu, wanabuki kila kitu hadi kiti cha basi. Si vibaya. Lakini kama hujabuki, basi amka. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na sikuipata shuleni.

Ruhusa ile, nilipotua Nairobi nilipanda basi la usiku, nikatembea kutoka lami hadi nyumbani. Mama alikuwa nje ya jiko, uso umeelekea jua. Alikunja mkono juu ya jicho lile lililobaki, akatazama kwa muda mrefu, hadi nikaogopa.

"Ni Yusufu," akasema. "Umefika mapema."