Udongo Laini wa Nyuma ya Landi

Baba yangu alipachagua mahali pale kwa sababu udongo wake ulikuwa laini. Kwetu magharibi, upande wa Butere, ardhi ni ngumu; kaburi huchimbwa na wanaume wanaopokezana jembe huku wakinung'unika. Kule Nakuru, katika kishamba chetu cha mahindi nyuma ya landi, yaani zile nyumba za wafanyakazi wa reli, alichimba peke yake na hakutoa hata jasho. "Hii udongo ni mzuri," alimwambia mama. "Hata jembe haitaki nguvu."

Aliyezikwa alikuwa mdogo wangu, kichanga ambaye hata jina hakuwa amepewa. Kikohozi kilimchukua. Kwa desturi yetu mtoto wa umri ule huzikwa karibu na ukuta wa nyumba, chini ya upenu, asikae mbali na sauti ya mama yake. Lakini nyumba ya reli si yako, na kufika kwetu kulikuwa safari ya treni mchana na usiku. Kwa hiyo baba aliahidi kwamba likizo yake ikifika tutachukua udongo wa kaburi tuupeleke nyumbani, mtoto alale kwao. Mama aliishikilia ahadi hiyo. Kila asubuhi alifungua mlango, akalitazama lile tuta dogo kati ya mahindi, ndipo akawasha moto.

Mimi sikuhisi kitu. Nasema hivyo kwa sababu waandishi hupenda kutuambia kwamba walilia. Nilikuwa msichana wa kuchota maji, nami nikachota maji.

Mvua ilitangulia likizo. Kwa miezi Ziwa Nakuru lilikuwa limekauka na vumbi la magadi likituwasha macho, kisha mbingu zikafunguka kwa mkupuo, kama mtu aliyekumbuka deni. Mchana mmoja tulisikia mngurumo mfupi. Hakuna aliyetoka kuangalia. Pale landi mabehewa yaligongana kutwa. Mvua ilipokatika mama alifungua mlango. Katikati ya kishamba palikuwa na ufa mrefu, umenyooka utadhani umepimwa kwa kamba. Ulikuwa umemeza mistari miwili ya mahindi, na lile tuta pia. Maji ya kijivu yalikuwa yakiingia mle ndani, na hatukuyasikia yakifika popote.

Mama hakupiga yowe. Yowe la mtoto yule alikwisha kulipiga. Alisimama tu, nami nikasimama kando yake, nikifikiria kwamba ndoo yangu inavuja na lazima izibwe.

Siku chache baadaye alikuja Mzungu mpima ardhi, kijana wa soksi ndefu, na kamba iliyofungwa kipande cha chuma. Aliiteremsha ufani mpaka ikaisha, akaivuta, akatikisa kichwa. "Mama, kaa mbali," alisema. "Hii shimo bado nakula." Kisha akamweleza baba kwa Kiswahili chake cha mashamba ya walowezi kwamba chini yetu kuna mipasuko ya kale iliyojaa majivu ya volkano, na mvua ikizidi maji huyachota majivu hayo, mpasuko ukafunguka tena. Mahali ambapo jembe huingia bila shida, alisema, ndipo pa kuogopa. Baba alikuwa amevaa kofia ya kazi. Aliivua, akaishika kwa mikono miwili.

Mama alimwambia baba kwa lugha yetu amuulize ule ufa unaenda wapi. Baba akauliza.

"Mimi hapana jua," Mzungu akajibu.

Namheshimu kwa jibu hilo. Siku hizi wataalamu bado wanabishana juu ya nyufa za Bonde la Ufa: hawa wanasema nchi inapasuka vipande viwili, wale wanasema ni mvua tu inayosafisha mianya ya zamani. Nawasoma wote, uzee una nafasi. Swali la mama sijaona aliyeligusa.

Likizo ilifika. Hatukuwa na udongo wa kubeba, maana hakuna aliyejua ni upi. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake, na ndivyo wazee walivyofanya: wakakata kipande cha mgomba, mama akakifunga kwa shali ya mtoto, kikalazwa chini ya upenu wa nyumba ya nyanya yangu. Mwalimu wa kanisa aliangalia kando mpaka wakamaliza, ndipo akaja kuomba. Watu walimwambia mama, haya, sasa amefika nyumbani. Aliitikia vizuri, akawapikia chai. Mimi niliona mgomba.

Tuliporudi landi, mama alianza tabia mpya. Maji moto ya kuoshea vyombo hakuyamwaga tena nje kama zamani. Aliyaacha kwenye karai, akangoja, akatumbukiza kidole, akangoja tena. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi ambaye hakuwapo wakati wa ufa, alimwona akacheka. "Mama, hiyo maji machafu unapoesha ya nini? Ni uji ya mgonjwa?"

Mama alitumbukiza kidole tena. Yakawa tayari, akayamwaga polepole ukingoni mwa kishamba.

"Kuna mtoto huko chini," alisema.

Mimi nilikaa juu ya ndoo yangu, nikalia hadi baba aliporudi kutoka kazini.