Kwenda na Sanduku, Kurudi kwa Fotei

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Bukavu, na ndege nilikuwa naziona tu zikipita juu. Siku moja inspekta aliniita ofisini, akanionyesha sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na karatasi za mitihani za wanafunzi wetu wa mwaka wa sita, za kusahihishwa Kinshasa, nami nikiwa mmoja wa wasahihishaji.

"Citoyen," akaniambia, "hii sanduku usiiache hata dakika moja. Isiende kule chini na mizigo ya watu. Nimenunua bilé mbili, yako na yake."

Kaka yangu aliniazima abakosti yake, suti ya harusi. Nilifika uwanja wa ndege wa Kavumu mapema, nikangoja ukungu uondoke. Karani wa uwanja alitazama tiketi zangu mbili, akatazama sanduku, akakuna kichwa. Nyuma hapakuwa na viti viwili vilivyofuatana. Vilibaki vya mbele tu, kwa wakubwa.

"Muende tu mbele," akasema. "Haiwezi kukaa mbali na weye."

Basi tukakaa mbele. Msichana mhudumu alilifunga sanduku mkanda, kisha akanifunga mimi. Kiti kilikuwa kipana, na kitambaa cheupe kiliwekwa pale pa kuegemeza kichwa. Ndege ilipokwisha kupaa, akaleta kuku kwa sahani za udongo, sahani mbili. Nikamwambia sanduku halili.

"Iko na bilé," akajibu, akaweka sahani juu ya bati.

Nilikula zote mbili. Mzee mmoja mnene, aliyekaa ng'ambo ya njia, alikuwa amenikazia macho. Mwishowe aliinama, akaniuliza polepole:

"Citoyen, ile ni mali ya Serikali?"

"Ni ya Serikali, papa."

Akainamisha kichwa kwa heshima, na tangu hapo kila nilichokataa akamwamuru mhudumu anipe. Nikanywa maji ya machungwa, nikanywa bia, nikanywa kahawa. Choo kilikuwa hatua tano tu kutoka kitini kwangu, lakini inspekta alikuwa amesema hata dakika moja. Zaidi ya saa mbili nilikaa na mkono kwenye kishikio cha sanduku, magoti yamebanana, nikihesabu mawingu. Tulipotua Kinshasa yule mzee alinipisha nitangulie kushuka, na sijui kama alipata kuelewa kwa nini nilikimbia vile na sanduku kichwani.

Kusahihisha kulichukua wiki tatu. Kurudi, ndege ya abiria ilikuwa imejaa, nami nilikuwa na hamu ya nyumbani. Mwenzangu mmoja alinipeleka kwenye ndege ya mizigo iliyokuwa inakwenda Kavumu. Haikuwa na viti. Ilikuwa na marobota ya samaki wa chumvi na fotei nne mpya, viti vipana vya sebuleni, zimefungwa plastiki, za mama mmoja mfanyabiashara wa Bukavu. Alikuwa amepeleka maharage, sasa anarudi na vyombo vya kuuza. Aliniona nikitafuta pa kukaa juu ya samaki.

"Papa mwalimu, ikala mu fotei. Lakini usipasule ile plastiki."

Mfanyakazi wa ndege alizipitisha kamba fotei zote, akanizungusha na mimi. Mama alikaa katika fotei ya pili, akavua viatu, akanimegea chikwangue, mkate wa muhogo. Harufu ya samaki ilikuwa kali, injini zilinguruma hata tukawa tunaongea kwa mikono, lakini hapakuwa na sanduku wala abakosti ya kaka. Niliegemea, nikanyoosha miguu juu ya robota. Nililala kama mtoto mpaka mama aliponitikisa bega: ziwa lilikuwa chini yetu, na visiwa vyake.

Pale Kavumu mnunuzi wa fotei, bwana mmoja wa ofisini, alikuwa anangoja na lori. Alizigusa moja moja. Alipofika kwa yangu, mkono ukasimama.

"Maman, kwa nini hii iko na moto?"

"Inatoka Kinshasa, papa," mama akajibu bila kunitazama. "Kule jua iko kali sana."

Yule bwana akaridhika. Nikashika upande mmoja wa fotei, yeye akashika wa pili, tukaipandisha kwenye lori.