Diskuru Nilitoa mu Tiroire ya Chef

Municheke tu, mi mwenyewe nilishajichekaka mpaka mbavu zimezoea. Mimi njo nilikimbizaka Kitshanga muzima bila kushika hata fimbo.

Ilikuwa mu vita. Ile biro ya Serikali ya Sport, Culture na Loisirs ilishakufa, chef alikimbilia Goma, na mimi planton wake (kazi: kufagia na kufungua dirisha) nilibakia na ufunguo. Sasa vijana ba mu kambi ya bakimbizi na vijana ba centre ya muji balikuwa banapigana majiwe kila siku ku robine ya maji, mpaka mama mumoja alipasuliwa kichwa, bidon yake ingali mukononi. Bakubwa ba pande zote mbili bakasema bacheze mupira, pengine bataachana, na bakakuja kwangu, juu mupira ya ngozi ilikuwa mu armoire, ile kabati ya biro.

Ningetoa tu mupira, ningelala muzuri. Lakini nikajiambia, mechi bila diskuru, bila hotuba ya Serikali, ni mechi gani? Nikavaa veste ya chef (mikono ilinifunika vidole), nikafungua tiroire ya meza yake, nikatoa karatasi ya kwanza yenye kachet, muhuri kubwa ya Serikali. Kifaransa ya juu! Mi niliachiaka masomo ku ya tano primaire: Kifaransa naisoma kwa sauti kama padiri, kuisikia maana njo shida.

Ku kiwanja bantu balijaa. Nikapanda ku kiti, nikaanza: « C'est avec une profonde douleur… » Bale balisomaka bakavua kofia. Nikaona ni heshima, nikaongeza sauti! Mama mumoja akaanza kulia. Huko nyuma bakaulizana:

« Serikali inasema nini? »

« Kuko bafu, bantu bamekufa! »

« Wapi? »

« Sijui, beba mutoto! »

Muntu alishaona vita haulizi mara ya pili. Kidogo tu matela ya kulalia iko ku kichwa, kuku iko mu kwapa, kiwanja yote inapanda mulima, na mimi Serikali niko mbele yao, juu nilizania banajua kitu mi sijui.

Tukajificha mu shamba ya ndizi, ba kambi na ba centre, kifua ku kifua, hakuna anapumua. Mama Kavira, yule mwenye duka wa kutoka Butembo, akafika anahema, akaninyanganya karatasi.

« We papa, nani amekufa? »

« Mi najua, Mama? Si iko mu karatasi! »

Akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena.

« « Profonde douleur » ni uchungu mukubwa, papa! Hii ni diskuru ya kuzika mupiga ngoma wa zamani. Umetukimbiza juu ya muntu alishaozaka! »

Kapiteni wa timu ya kambi akacheka mpaka akaangukia bega ya kapiteni wa centre, na huyo naye akashindwa kusimama. Mechi ilichezwa jioni ile ile, veste ya chef njo ikawa poto ya goli. Hata matokeo siikumbuki.

Ku robine majiwe iliisha. Muntu akianza kukasirika mu mulongo, mwenzake anamusomea tu « C'est avec une profonde douleur », na bidon zinajaa. Lakini mi nikipita pale na yangu, bote banasimama, banavua kofia: « Chef, leo nani amekufa? »

Nimeapa: tangu siku ile, karatasi yenye kachet nikiikuta, nafungiamo karanga.