Viazi vya Mtoto wa Kwenye Runinga

Jumatatu, nikiwa kwenye foleni ya tiketi stendi ya Makambako, bibi aliyekuwa mbele yangu alimkazia macho mkatisha tiketi.

"Si wewe uliyeigiza yule mtoto aliyenyimwa chakula na mama wa kambo?"

Jamaa, sasa mwenye ndevu na kitambi, akacheka. "Ndiye mimi, bibi. Ulikuwa mchezo tu."

Bibi akafungua kitenge, akampitishia dirishani viazi viwili vya kuchemsha. "Najua ni mchezo. Ila ile njaa haikuwa ya mchezo. Kula, mjukuu wangu."

Jamaa akaacha kucheka. Akamenya kimoja taratibu. "Kweli, bibi. Siku ile ya kurekodi nilikuwa sijala tangu jana yake."

Foleni nzima tulisubiri amalize. Mimi mchezo ule niliutazama wote, nikamsifu mtoto kwa kipaji.