Bolti Chini ya Viazi

Sisi tuliolelewa Ainabkoi zamani zile tunaijua baridi kwa jina na ukoo wake. Nakumbuka asubuhi tukienda shule miguu mitupu, nyasi zimejaa umande unaochoma kama upupu, na tukimwona ng'ombe akiinuka mahali alipolala tunakimbilia pale kusimama, angalau nyayo zipate joto kidogo. Darasani sote tulinuka moshi wa kuni na hakuna aliyemcheka mwenzake. Jioni tulicheza kati, wawili wakirusha na mmoja akikwepa katikati, kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya katani, mpaka Mama atuite kwa sauti iliyovuka bonde na kufika kwa majirani. Wajukuu wangu hapa Munyaka, mtaa wa Eldoret, nikiwasimulia haya wananitazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza, "Sasa shosho, hamkuwa mnaitisha tu taxi?"

Lakini leo sitaki kuandika habari za baridi. Nataka kuandika habari za bunduki ya Baba.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ile ya aina ambayo ukifyatua inatema ganda lililotumika na kujipakia risasi nyingine yenyewe. Baba alikuwa na kibali cha serikali, karatasi iliyokunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya Biblia. Tulipakana na msitu, na mbwa mwitu walitoka humo kuja kula kondoo. Watoto hatukuruhusiwa kuigusa bunduki hiyo siku yoyote isipokuwa Jumamosi alasiri.

Jumamosi Baba alitandika gunia barazani, akatoa risasi zote na kuzitia mfukoni mwa koti, halafu akaanza kuifungua. Alipanga vipande kwenye gunia kutoka kushoto kwenda kulia: kifuniko cha mbele, mbao, mtutu, pete ya shaba, bolti, kile chuma kizito kinachokwenda mbele na nyuma na kuipiga risasi, na mwisho springi ndefu. Harufu ya mafuta ya bunduki ilichanganyika na harufu ya viazi vinavyochemka jikoni. Akimaliza kupangusa aliniita. "Wambui, wewe sema, mimi nirudishe." Nami nilitaja kwa mpangilio wa kinyume, kipande baada ya kipande, naye alirudisha kila kimoja mahali pake. Kaka yangu Njoroge, aliyenizidi miaka minane, alijaribu mara nyingi kuirudisha yeye mwenyewe, na kila mara alimaliza akabaki na kipande kimoja mkononi, akikitazama kama aliyeokota kitu cha mtu. Tulicheka sana. Baba alikuwa akimwambia, "Hii haijarudi. Imefungwa tu."

Aliyependa kutazama zaidi yetu sote alikuwa Mzee Rono, jirani wa upande wa pili wa ua. Sisi tulikuwa wageni pale, wazazi wetu walikuja kutoka Mkoa wa Kati kununua shamba. Yeye alizaliwa palepale. Alileta kigoda chake, akakaa mpaka kipande cha mwisho kirudi. Kondoo wake na wetu walilala zizi moja wakati wa mvua. Mkewe, Mama Chebet, ndiye aliyemletea Mama maziwa ya kibuyu kila tulipopata mtoto.

Kisha ukaja mwaka mmoja wa kura. Nilikuwa darasa la sita. Maneno yalianza dukani, kwa sauti ya chini, na mtu akiingia yanakatika. Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wakisema "wao" na nikajua wanawasema akina nani. Upande wetu vijana walikuwa wakikutana nyuma ya ghala, na upande wa pili vilevile. Njoroge alianza kurudi nyumbani na marafiki ambao hawakumwamkia Baba. Siku moja nikamsikia akimwambia Mama, "Sisi tuko na bunduki. Wengine wako na nini?"

Jumamosi ile Baba alifungua bunduki kama kawaida. Mzee Rono hakuja. Alikuwa ameacha kuja wiki mbili. Baba alipangusa vipande vyote, lakini hakuniambia nitaje. Aliichukua bolti, akaizungushia kipande cha blanketi kilicholoa mafuta, akaiweka ndani ya kikapu na kuifunika kwa viazi.

"Peleka kwa Mzee Rono," aliniambia. "Mpe mkononi mwake. Mtu mwingine akikuuliza, umebeba viazi."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Mwambie nimesema akae nayo."

Baba hakuweza kuikabidhi bunduki polisi, kwa kuwa kituo kilikuwa ng'ambo ya soko, na kupita pale na bunduki begani wiki ile kungekuwa kama kuwasha kiberiti kwenye nyasi kavu. Hilo nililielewa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kikapu ni kizito. Kwenye lango la Mzee Rono walisimama vijana wake wawili, watu walionibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, nao waliniangalia mimi na kikapu. Nikapita.

Mzee Rono alitoa viazi kimoja kimoja, akaweka chini. Alipoifikia bolti na kuifunua, aliketi. Nikaogopa kwamba nimefanya kosa.

"Baba yako amesema nini?"

"Amesema ukae nayo."

Aliifunga tena, polepole. "Mwambie nimepokea," alisema. "Mwambie hata vijana wangu hawatajua."

Siku ya tatu, Baba akiwa shambani, Njoroge alikuja na marafiki wawili. Alitoa vipande vya bunduki kabatini, akavitandaza mezani na kuanza kuviunga. Niliwatazama nikiwa mlangoni. Aliweka springi, akaweka pete, akashindwa, akafungua, akaanza upya. Jasho lilimtoka kwa baridi ile. Mwishowe alinishika mkono.

"Wambui, bolti iko wapi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye unajua hii kitu kuliko sisi wote. Iko wapi?"

"Sijui, Njoroge."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake. Alinibana mkono mpaka nikalia, lakini sikusema. Marafiki wake walichoka, wakaondoka. Baba aliporudi alimkuta amekaa mbele ya vile vyuma, kichwa mikononi.

"Iko kwa Mzee Rono," Baba alimwambia. "Kama unataka kwenda kuwapiga watoto wake, nenda kwanza umwombe."

"Baba, umetuuza!"

"Labda. Lakini hakuna mtu atakufa kwa bunduki yangu."

Njoroge alilia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akilia, na nilitoka nje nisimwone.

Baba alifukia vilivyobaki chini ya banda la kondoo. Wiki hiyohiyo tuliona moshi wa nyumba zikiungua kwenye mlima wa pili, halafu wa karibu zaidi. Mzee Rono alikuja mwenyewe asubuhi, fimbo mkononi, akatangulia mbele yetu mpaka barabarani, na kila tulipokutana na kundi la vijana alisimama akazungumza nao kwa lugha yao mpaka watupishe. Tulikaa Munyaka kwa shangazi, watu tisa chumba kimoja. Walikufa watu tuliowajua, wa kwetu na wa kwao. Bado siwezi kuandika majina yao.

Tulirudi wakati wa kupanda. Jiko lilikuwa limeteketea na ghala pia, lakini nyumba ilisimama. Kondoo walikuwa kwa Mzee Rono, wote, na wana-kondoo wanne juu yake. Alikuja alasiri na kigoda chake na kile kipande cha blanketi. Baba alifukua vyuma, tukakaa tukikwangua kutu kwa mchanga na mafuta. 

"Wambui, sema."

Nikasema springi. Baba akaivisha. Nikasema bolti. Mzee Rono aliifunua, lakini hakumpa Baba. Alimpa Njoroge aliyekuwa amesimama kando.

"Weka wewe," alimwambia.

Njoroge alipiga magoti. Aliingiza bolti, akasukuma kishikio chake mpaka kikalia *kwa!* na kukaa. Nikasema pete, nikasema mtutu, mbao, kifuniko. Alikaza kifuniko, akaangalia gunia. Halikuwa na kitu. Akamwambia Mzee Rono, bila kuinua macho, "Nisamehe, Mzee." Mzee Rono akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

Kesho yake wale wazee wawili walikwenda kituoni pamoja, wakaikabidhi bunduki na kibali chake. Walirudi wakibishana kuhusu mbegu za ngano.

Wote wawili sasa wamezikwa, kila mmoja kwenye shamba lake. Msimu wa kura uliopita, mpwa wangu, kijana msomi anayefanya kazi ya kompyuta hapa Eldoret, alituma kwenye kundi letu la familia ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana, ukituambia tujihadhari na wale watu. Nilimpigia simu. Nilimuuliza kama anawajua majirani wake wa mlango wa pili.

"Aunty, hiyo ni forward tu," alisema. "Hata sikuisikiliza yote."

Nilimwamini. Na hilo ndilo linaloniumiza. Enzi zetu, ili umchukie jirani ilikubidi kwanza umpite langoni mwake asubuhi, akuamkie, akuulize mama yako ameamkaje. Ilikuwa kazi ngumu, na wengine kazi hiyo iliwashinda wakarudi nyumbani. Watoto wetu wameondolewa hata ugumu huo.