Hatua Kwenye Mlima wa Nunguni

Mimi na binti wa shangazi yangu tulitoka Zombe kwenye jua kali, tukapanga chumba kimoja Nunguni. Kocha wetu, mwanajeshi mstaafu, alisema anayetaka kuishi kwa kukimbia lazima azoee milima na baridi. Binamu yangu ndiye aliyekuwa na kipaji. Mimi nilikuwa na bidii tu.

Asubuhi moja yenye ukungu tulikuwa tunapanda mlima, na yeye akabaki nyuma. Haikuwa kawaida yake.

"Uko sawa?" nikamuuliza.

"Tangulia. Nakuja."

Nilifika juu, nikasimama kumngoja. Nikasikia hatua zake zikipanda, nyepesi, za haraka, jinsi alivyokimbia siku zote. Kisha zikanyamaza. Nikaita. Kimya.

Nilipoteremka nilimkuta mbali kabisa, karibu na pale tulipoachana. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka kabeji sokoni alikuwa amempakata kichwa. Hospitalini walisema ni moyo, na kwamba alikufa pale pale alipoanguka.

Sasa, nilisikia nini?

Tulimzika Zombe. Sikuweza kukaa nyumbani, nikarudi Nunguni kwa mazoezi. Kila nilipoupanda ule mlima, nilimsikia nyuma yangu. Sikumwambia kocha. Nilikimbia tu, na nikaanza kushinda.

Kwenye mbio za Kitui mjini nilikuwa naongoza niliposikia mtu ananikaribia. Nikasogea pembeni nimpishe.

"Wewe! Unampisha nani?" watu wakaniuliza kwa kicheko.

Barabara ilikuwa tupu nyuma yangu. Nilikata utepe, na siku hiyo hiyo wakala mmoja wa wanariadha akaniomba tufanye kazi pamoja. Tangu hapo mbio ndizo kazi yangu.

Mwaka huu nilienda kumwona shangazi. Nilimkuta akichambua ndengu mlangoni. Nikaketi, nikamwambia yote. Yeye ni mtu wa kanisa. Nilidhani atamwita mchungaji aniombee. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Anapumua vizuri?"

"Vizuri, shangazi."

"Hachoki?"

"Hachoki."

Akaendelea kuchambua, macho yake chini. Akasema, "Basi usimwache mbali."

Kocha hulalamika kwamba siku hizi napunguza mwendo kwenye milima. Namjibu kwamba nalinda magoti.